Kilichomo Majini

Tafakari ya juma
Masomo: Mhubiri 2:4–6, Yona 2 na 4



Mhubiri anapotaja mali aliyojikusanyia, katika sura ya pili, anaanza na nyumba, anafuatisha mizabibu, anaingia kwenye bustani na viunga vya matunda, kisha anafika kwenye birika za maji. Sisi wahubiri tuna mazoea ya kuziruka hizo birika. Tunakimbilia neno lake la ubatili kwa sababu ndilo linalohubirika kwa urahisi, hasa mwisho wa mwezi watu wakiwa hawana kitu mfukoni. Lakini yeye anaeleza wazi kwamba maji yale yalikuwa na kazi: kunywesha miche. Hakuchimba ili akae kivulini kuyatazama. Na yeyote aliyewahi kuwa na maji yaliyotuama nyuma ya nyumba anajua kwamba birika haitazamwi tu. Ukiipa kisogo majuma mawili, mbu wanahamia.

Bwawa letu la usharika liko nyuma ya ofisi, kati ya mawe mawili makubwa ya hapa Mwanza ambayo hakuna fundi aliyethubutu kuyavunja. Ni dogo. Mtu mzima akiingia, maji hayamfiki kiunoni. Ndani wamo samaki wa dhahabu, ambao watoto wa shule ya Jumapili wanawapenda kuliko mahubiri yangu, wala siwalaumu. Juu ya maji inaelea mimea. Iko ile iliyokaa duara, majani yake yamekunjamana kama ya kabichi changa. Yako yale majani madogo mno, ukichovya mkono yanakuganda mpaka kwenye kifundo. Na liko gugu maji lenyewe, lenye maua ya zambarau, ambalo hapa Mwanza halinunuliwi: vijana waliteremka ziwani na ndoo.

Mimea hii imezua maneno. Katika kikao cha wazee wa kanisa wako waliosema itolewe yote, tena upesi, kwa kuwa gugu maji ni adui wa ziwa na si halali kulifuga kwenye uwanja wa Bwana. Wako waliosema iachwe ijae, kwa kuwa maharusi wanapiga picha pale na picha zinatoka vizuri. Nimewasikiliza wote. Naomba juma hili nijibu kwa njia ndefu kidogo, kwa maana nadhani pande zote mbili zinayatazama majani, na jambo lenyewe liko chini.

Tuanze na samaki. Samaki wa dhahabu asili yake ni China. Wachina walimtoa katika samaki wa kawaida wa rangi ya kijivu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, wakawa wanachagua wale waliozaliwa wekundu na wa manjano na kuwatenga, na enzi za watawala wa ukoo wa Song alikuwa tayari anafugwa kwenye mabwawa ya bustani. Ni samaki mzuri, mvumilivu, anaweza kuishi miaka kumi na zaidi akitunzwa. Ila hana tumbo la kuhifadhia chakula. Anachomeza kinapita moja kwa moja kwenda kwenye utumbo, kwa hiyo anakula kidogo kidogo mchana kutwa, na anachafua mchana kutwa. Uchafu wake mwingi huwezi kuuona. Unatokea kwenye matamvua, wakati anapumua, ukiwa ni amonia iliyokwisha kuyeyuka. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na kwenye tope wanaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Hiyo nitrati samaki anaivumilia, isipozidi. Wakulima mnaijua, imo kwenye mifuko ya mbolea mnayonunua dukani.

Sasa nitrati ikishafika majini haina pa kwenda. Inabaki hapo mpaka kitu kiile. Kama hakuna kingine, mwani utaila, na maji yatageuka kijani hata usione mkia wa samaki. Ndiyo sababu watu wenye mabwawa ya bustani wanapanda mimea inayoelea. Mizizi yake haiko udongoni, inaning'inia majini, na chakula chake chote inakipata humo. Inayatia maji kivuli, mwani unakosa jua, samaki wanapata pa kujificha mdiria anapopita. Jike anataga mayai kwenye mizizi, yananata humo. Halafu wenyewe wanarudi kuyala, lakini hilo tuwaachie wao.

Juzi nilimkuta mzee anayetunza bustani yetu amepiga magoti ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mchungaji. Njoo ushike hapa."

Akanipa gugu maji moja, akalishika yeye shingoni na mimi kwenye mizizi. Shina la kila jani limevimba. Ukilibinya linatoa hewa, ndani ni sifongo tupu, ndicho kinacholifanya lielee. Mizizi yake ni myeusi yenye wekundu wa zambarau, kila mzizi umejaa vinyweleo pande zote kama unyoya wa kuku, na kwenye vinyweleo hivyo kulikuwa kumenasa tope laini la kahawia, konokono wawili watatu, na vijipunje vyenye kung'aa ambavyo mzee alisema ni mayai. Majani yalikuwa manene, kijani kilichokolea. Kisha akavuta karibu karai lililokuwa kivulini, ambalo alikuwa ameweka mmea mwingine kwenye maji ya mvua matupu, bila samaki. Ule ulikuwa umenyauka rangi, majani madogo ya manjano, lakini mizizi mirefu, mirefu kupita kiasi, imejisokota chini ya karai.

"Huyu ana njaa," mzee akasema. "Anatafuta. Huku bwawani wamenona kwa sababu samaki wameongezeka na watoto wanatupa mkate kila Jumapili."

Nimekaa na maneno hayo juma zima. Mimi nilikuwa nikiona majani yamestawi najua bustani inatunzwa vizuri. Kumbe gugu maji likinona linatoa habari za maji, wala si za mtunzaji. Na majani yale ya manjano karaini, ambayo mgeni angesema yanakufa kwa kukosa uangalizi, yalikuwa yakishuhudia kwamba maji yao ni safi.

Mzee akanifundisha na jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko hilo la kwanza. Mmea unaoelea unasafisha maji kwa sharti moja: utolewe. Ukishanyonya uchafu ukawa jani, uchafu haujaondoka bwawani, umebadilika umbo tu. Jani likizeeka likafia humo humo, linazama, linaoza, na vyote ulivyokuwa umenyonya vinarudi majini, tena kwa hasara, maana kuoza kunakula hewa ambayo samaki wangeivuta. Kwa hiyo kila juma yeye anatoa. Haachi zaidi ya nusu ya uso wa maji ifunikwe. Ameweka duara la bomba la plastiki linaloelea ili mimea isifike upande wa kulishia, na mingine amezungushia wavu chini ili samaki wasiimalize mizizi.

Hapa nawajibu wenzetu wa picha za harusi. Wengi tunaamini mimea inawapa samaki hewa. Ile inayoishi chini ya maji, ndiyo, mchana kukiwa na jua. Lakini inayoelea majani yake yako juu, hewa yake inaishia angani, na ikifunika uso wote inazuia hata ile kidogo ambayo maji yangeipata kutoka nje. Mimea ya chini nayo inakosa jua, inakufa. Usiku vyote vilivyo hai bwawani vinavuta na hakuna kinachorudisha. Ukiamka alfajiri utakuta samaki wamejipanga kwenye upenyo wa mwisho uliobaki, midomo juu, wanatweta. Kwa macho ya mpiga picha bwawa hilo ni zuri kuliko siku zote.

Na nawajibu wale wa kutoa yote. Nakubaliana nanyi kwamba gugu maji ni la kuogopwa, na sisi watu wa kando ya ziwa tuna haki ya kuliogopa kuliko wengine. Lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani na watu waliopenda maua yake, likapandwa kwenye mabwawa ya bustani mfano wa letu. Ziwa Viktoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, liliingiliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukawa unaleta mengine kila siku kutoka juu. Mwaka 1998, katika Ghuba ya Winam upande wa Kenya peke yake, lilifunika takriban hekta 17,000. Meli zilikwama bandarini Kisumu. Wavuvi waliona maji kwa mbali na hawakuweza kuyafikia na mitumbwi. Pale Jinja lilisongamana kwenye milango ya bwawa la umeme. Konokono wanaobeba kichocho walipata makao mapya kwenye mizizi yake, karibu kabisa na pale akina mama wanapoteka maji.

Wataalamu wakaleta fukusi, wadudu wa aina mbili wa jamii moja kutoka kwao huko huko Amerika ya Kusini, wasiokula kingine isipokuwa gugu hilo. Uganda iliwaachia mwaka 1995, Kenya na Tanzania nazo zikafanya hivyo miaka hiyo hiyo. Fukusi walifanya kazi, na mvua na mawimbi ya El Niño yakachangia, hata kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ilikuwa imezama. Watu walimshukuru Mungu, na walikuwa na haki. Lakini lilizama, halikutolewa. Likaoza pale pale chini. Mbegu zake zinaweza kukaa kwenye tope zaidi ya miaka kumi na tano zikiwa hai. Na kilicholinenepesha kiliendelea kumwagika: maji machafu ya miji, mbolea inayochukuliwa na mvua kutoka mashambani, udongo wa milima iliyokatwa miti. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 ziliposhuka na mizigo yake, gugu likarudi Winam kwa nguvu. Limekuwa likienda na kurudi tangu hapo, na sisi tumekuwa tukipigana nalo kwa mapanga, kwa mashine, kwa mikono. Sidharau mikono hiyo. Huko Kisumu wako watu wanaolivuna, wanalikausha na kusuka viti na vikapu, na naona hao, kwa kutafuta riziki tu, wanalifanyia ziwa jambo la maana kuliko hotuba nyingi, kwa sababu wanalitoa majini.

Baadhi yenu mtakuwa mnasubiri nifike kwenye ngano na magugu ya Mathayo 13. Sifiki huko leo. Katika mfano ule mwenye shamba anasema vyote viachwe vikue pamoja hadi mavuno. Shamba linaweza kusubiri. Bwawa halina subira hiyo. Ukisubiri mavuno utavuna samaki waliokufa. Ni vema tukumbuke kwamba Bwana wetu hakutoa mfano mmoja wa kutatua kila kitu.

Ninayemfikiria mimi ni Yona.

Katika sura ya pili yuko chini kabisa, maji yamemfunika, na anataja hata majani ya baharini yaliyomzinga kichwani. Anaomba. Sala yake ni nzuri, ina shukrani, ina ahadi, ina kila kitu ambacho mchungaji angependa kusikia kwa mtu anayerejea kundini. Samaki anamtapika nchi kavu. Anakwenda Ninawi, anahubiri, mji mzima unatubu. Tungesema yamekwisha. Ukifika sura ya nne, Yona ana hasira hata anatamani kufa. Chuki aliyokuwa nayo juu ya watu wa Ninawi tangu mwanzo, ile iliyompandisha merikebu ya kwenda Tarshishi, ilikuwa bado imo. Ndani ya samaki aliomba habari za kuzama kwake na kuokolewa kwake, na ukiisoma sala ile toka mwanzo hadi mwisho hukuti neno hata moja kuhusu Ninawi. Alitolewa yeye majini. Kile kilichokuwa ndani yake hakikutolewa.

Na Mungu anafanya nini? Anaotesha mmea. Mtango unakua usiku mmoja, unamtia kivuli, Yona anaufurahia sana. Alfajiri anatuma buu, linautafuna, mmea unanyauka, jua linamchoma, na Yona anawaka. Kwa miaka mingi nilidhani mtango ule ulikuwa wa kumfariji, kisha wa kumwadhibu. Siku hizi nausoma kwa namna nyingine. Mmea ule ulipandwa ili Yona aone kilichomo ndani mwake. Kabla ya mtango angeweza kusema hasira yake ni ya haki, ni wivu kwa ajili ya jina la Bwana. Baada ya mtango hana pa kujificha: analilia kivuli cha usiku mmoja, na mji wenye watu zaidi ya laki moja na ishirini elfu haumlizi. Mungu hamkemei. Anamwuliza swali, na kitabu kinafungwa swali likiwa halijajibiwa. Mtoto mmoja wa kipaimara aliniuliza Yona alijibu nini. Nilimwambia kwamba mwandishi ametunyima hilo, naye akaona si haki.

Nilishughulika na kwaya moja, mbali na hapa, iliyogombana kwa sababu ya sare. Nusu walitaka kitenge, nusu walitaka suti. Waligombana miezi. Wachungaji wawili kabla yangu walikuwa wamekwisha kuwasuluhisha: mara walipatana juu ya rangi, ugomvi ukahamia kwenye nani asimame mbele, wakapatana juu ya hilo, ukahamia kwenye safari ya uinjilisti. Kila lilipozamishwa jambo moja, jingine lilielea, tena limenona. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeuliza kama michango ya kanda yao ya mwaka ule imewahi kusomewa hesabu. Haikuwahi. Watu walikuwa wametoa fedha, wengine kwa kukopa, na hakuna aliyewaambia zimekwenda wapi. Hawakuthubutu kusema "tumeibiwa" kanisani, wakasema "hatutaki suti." Hesabu ziliposomwa, kwa aibu na kwa machozi, kilichopotea kikajulikana na kikaanza kurudishwa kidogo kidogo. Sare? Walivaa kitenge. Sikumbuki hata kama walipiga kura.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, ule wa maua. Yuko mtu anayetumika katika kila kitu kanisani: yuko kwenye umoja wa wanawake, yuko kwenye kamati ya ujenzi, anapika kwenye misiba yote, anafagia kabla ya ibada na anafunga milango baada yake. Tunamsimamisha mbele tunampigia makofi. Mara nyingi makofi hayo ni halali. Lakini nimejifunza kuwa mwangalifu bidii hiyo inapoanza ghafla baada ya mazishi. Mjane aliyefiwa mwezi wa tatu, na mwezi wa tano hana jioni hata moja ya kukaa nyumbani, anaikimbia ile nyumba. Bidii yake ni nzuri, inatufaa sote, na imeota juu ya huzuni ambayo hakuna aliyeiuliza. Tukimwongezea kamati nyingine tutakuwa tunafunika upenyo wa mwisho. Huyu hahitaji kuambiwa apunguze kazi. Anahitaji mtu wa kukaa naye sebuleni, chai ipoe, amtaje marehemu kwa jina.

Naona sisi watu wa huku tuna kipaji kikubwa cha kuzamisha. Tuna msemo wetu wa funika kombe mwanaharamu apite, na tunautumia hata pale ambapo hakuna mwanaharamu anayepita, tuko wenyewe tu na kombe letu. Ndugu wamegombania kiwanja cha baba. Wazee wanaitwa, soda zinanunuliwa, wanashikishwa mikono, mwenyekiti anasema yaishe, watu wanaitikia yameisha. Kiwanja hakijagawanywa. Mpaka haujapandwa hata mchongoma mmoja. Kila mtu anakwenda nyumbani na ile ile nitrati yake. Halafu mwaka unaofuata mtoto wa huyu anakataa kuhudhuria kipaimara cha mtoto wa yule, na tunashangaa, tunasema shetani ameingia. Sipingi kwamba anaingia. Nasema hakuwa na haja ya kuleta chakula chake, alikikuta.

Kutoa ni kazi nyingine kabisa na kuzamisha. Kutoa kunaloanisha mikono. Katika ungamo tunalosoma Jumapili pamoja kuna nafasi ya ukimya, fupi mno, kwa sababu tunaogopa muda wa redio au tunaogopa watoto watalia. Nimewaomba viongozi wa ibada wairefushe. Lakini hata ikirefushwa, ukimya ule ni wa kuinua mmea na kuutazama mizizi yake. Safari ya kutoka bwawani mpaka shimo la mbolea inafanyika Jumatatu: kumrudishia mtu fedha yake, kumpigia simu ndugu na kusema "lile la kiwanja nakubali lipimwe," kumwambia mwenzi wako deni ambalo hajui kwamba lipo. Hapo ndipo maji yanapopungukiwa kitu kweli.

Basi uamuzi, kwa kuwa kikao kiliniachia. Kabichi za majini na yale majani madogo yatabaki. Samaki wanayapenda hayo madogo na wanayala, kwa hiyo yanajipunguza yenyewe. Gugu maji litatolewa lote. Bwawa letu likifurika masika, maji yake yanaingia mtaroni, mtaro unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Hatuwezi kuomba kwa ajili ya wavuvi wa ziwa hili kwenye sala ya kanisa huku tukiwapelekea mbegu. Maharusi watapata mandhari nyingine. Yale mawe hayana kasoro.

Kazi hiyo itafanyika Jumamosi asubuhi, na vijana waliolileta ndio watakaolitoa. Haliendi mtaroni wala jalalani kando ya barabara. Litaanikwa juu ya mwamba mpaka likauke kabisa, kisha litaingia shimoni pamoja na majani ya migomba, na lisiwe na ua lenye mbegu hata moja. Maua hayo yachomwe kwanza. Mwenye kuhitaji mbolea aje baada ya miezi mitatu na gunia lake mwenyewe, amwone mzee wa bustani, si mhasibu. Walimu wa shule ya Jumapili, tafadhali, mkate basi. Chembe kidogo za chakula cha samaki ziko kwenye kopo dirishani, na mtoto mmoja tu kwa juma ndiye atakayelisha, kwa zamu, majina yabandikwe mlangoni ili tusije tukaanzisha ugomvi mwingine.